Mpaka Pale Anapocheka

Niliondoka Rumonge sina hata kandambili, nikarudi na diploma, kompyuta ya kubeba na viatu vya ngozi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asilisikie kwa watu wengine, wakalipunguza. Wengi wa rika langu walivuka ziwa, wakakaa kambini Tanzania wakingoja vita vya Burundi viishe. Mimi nilitoka kambini nikaingia Kigoma mjini. Mchana nilipakua magunia bandarini, jioni nikasoma. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilipopata diploma yangu ya biashara na kompyuta, nilipanda boti la mizigo na kurudi nyumbani nimeketi juu ya magunia ya chumvi, kompyuta nimeifunga tumboni kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto mchanga.

Vita vilikuwa havijaisha. Niliposhuka ufukweni, mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani aliacha kazi yake akanitazama kuanzia viatuni.

"Ee, muje muone! Watu wanakimbia vita, huyu iko anavikimbilia!"

Wenzake wakacheka. Nikawaambia kwamba nimerudi kujenga nchi, wakacheka zaidi.

Mji niliukuta ukinuka mawese kama nilivyouacha. Mapipa ya mafuta yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakingoja lori, na malori yalingoja wanajeshi wa kuyasindikiza, kwa kuwa barabara ya Bujumbura ilikuwa haina uhakika. Milimani mlio wa bunduki ulisikika siku nyingine, siku nyingine haukusikika, na watu waliuzungumzia kama wanavyozungumzia mvua. Simu za mkononi tulizisikia kwa wasafiri tu. Mwenye mtu wake ng'ambo ya ziwa alikaa hajui kama yu hai.

Ndipo nikasikia kuna mafunzo yanaanza. Mwalimu alikuwa mama kutoka Uvira, mkimbizi wa vita vya kwao Kongo, aliyevuka ziwa na masanduku ya vitabu watu wengine wakivuka na masufuria. Parokia moja ilimpa chumba nyuma ya karakana ya sabuni. Kuta zilikuwa na utelezi wa mafuta hata chaki ilikataa kushika kwenye ubao. Siku ya kwanza aliandika masomo yake matatu, akirudia kila neno mpaka lionekane: ujasiriamali wa kijamii, maadili ya biashara, utawala wa kidijitali. La kwanza tulilielewa nusu. La pili kila mtu alidhani analijua. La tatu hakuna aliyelijua, isipokuwa mimi.

Ndiyo maana sikukaa. Nilisimama mbele nikiwa nimebana bahasha yangu kwapani.

"Mwalimu, nimekuja kukusaidia kufundisha."

"Uko na nini?"

"Diplome."

"Na mashini?"

"Iko."

"Basi mashini itanisaidia. Wewe kaa."

Darasa zima liliangua kicheko. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Waswahili, kijana wa Kiislamu mwenye kofia iliyofumwa vizuri sana, alinisogezea nafasi kwenye benchi. "Karibu, Bwana Diplome," akaninong'oneza. "Huku nyuma ndiko wanakokaa mawaziri." Tangu siku hiyo hakuacha kuniita hivyo, na mimi sikumkataza, kwa sababu diploma nilikuwa nayo kweli.

Mwalimu alisema ujasiriamali wa kijamii hausomwi kwa kunakili. Kila darasa lianzishe kazi moja inayoondoa shida ya watu na kujilisha yenyewe. Wengine walitaja kufuga kuku, wengine kusaga mihogo. Mimi nilitaja sauti. Wazo lilikuwa langu na hata leo sitaki kuligawana na mtu. Barua zilifunguliwa kwenye vizuizi, na wengi hawakujua kusoma. Lakini kompyuta yangu ilikuwa na uwezo wa kurekodi na kuchoma diski. Mtu wa Rumonge aje aseme anachotaka kumwambia mtu wake. Diski ivuke na boti la mizigo mpaka Kigoma, ambako mwenzangu tuliyesoma pamoja alikuwa na kompyuta ya pili. Yeye aende nayo kambini, mwenye kuambiwa asikilize, naye ajibu. Atakayeweza kulipa alipe, asiyeweza alete samaki au kipande cha sabuni, na faida inunue diski na mafuta ya jenereta.

Fundi cherehani akasema, "Huyu mutu akili iko nayo." Nilimwambia arudie kwa sauti ili mwalimu asikie.

Mwalimu alisikia. Lakini hakuturuhusu kumrekodi mtu yeyote kabla hatujamjibu maswali yake, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba somo la tatu nililodai kulijua lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Sauti ikishaingia kwenye mashini ni ya nani? Nani ana haki ya kuisikia? Itakaa humo mpaka lini? Na mwanajeshi akija akasema fungua, nani ataweza kufungua? Tulibishana kwa wiki kadhaa, jenereta ya karakana ikinguruma ukutani. Mwisho niliandika kanuni zetu mwenyewe, na mwalimu hakufuta hata mstari. Sauti ni ya aliyeisema na ya aliyeambiwa, basi. Anaporekodi mtu, sisi tunatoka nje. Tukishajulishwa kwamba imefika, tunaifuta. Neno la kufungulia tuligawana, nusu nilijua mimi, nusu alijua fundi cherehani, ili hata akikamatwa mmoja wetu asiwe na cha kutoa.

Tulizungushia kona moja mkeka wa matete, tukaweka kiti na kipaza sauti. Mtu wa kwanza alikuwa mzee wa Gatete aliyetaka kumsalimu dada yake. Nikamwonyesha, nikatoka. Alipomaliza akaniomba nihakikishe kwamba imeingia, nikasikiliza mwanzo kwa ruhusa yake.

"Amahoro, dada yangu," ilisema kompyuta kwa salamu ya Kirundi, kisha ikanyamaza. Nilidhani imeharibika. Baada ya kitambo mzee akaendelea mle ndani, "Na sisi tuko, tunashukuru. Watoto wanaamkaje?" Kimya tena. "Mungu asifiwe."

Alikuwa akingoja ajibiwe. Kwetu humsalimu mtu ukaendelea na maneno yako kabla hajakujibu. Huo ni utovu wa adabu hata kwa mtoto. Na wote waliofuata walifanya vivyo hivyo. Vijana, wazee, Wakristo wa Kivu, Waislamu wa mjini, hata mwanamke mmoja mgomvi aliyekuja kumtukana mumewe, tuliyemsikia mpaka nje, alitukana, akangoja ajibiwe, ndipo akaendelea. Hata bila kusikiliza, kioo cha kompyuta kilituonyesha nusu ya kila rekodi ikiwa kimya.

Mwalimu aliposikia habari hiyo alisema tukate. Diski hazikuwa nyingi, na ukikata kimya unaweka watu wawili mahali pa mmoja.

"Hatuna haki, mwalimu," nikasema. Nilikuwa nimesimama, na kusimama kunanipendeza. "Umetufundisha kwamba mali ya mteja haipunguzwi kwa faida ya duka. Kimya nacho amekisema yeye. Ni mahali amemwachia mwenzake."

Akageuka ubaoni kuficha tabasamu. "Haya. Bwana Diplome leo amesoma."

Mwenzangu wa Kigoma alituletea habari kwamba kambini watu wanajibu. Wanavaa hedifoni, wanasikia amahoro, wanasema amahoro, na wanapokuta wameachiwa nafasi yao kabisa, wengine wanageuka kutazama nyuma kama kuna mtu amesimama hapo. Nilikuwa nimeona meli, nimeona umeme wa mji mzima ukiwaka kwa mara moja. Habari hiyo ilinisisimua ngozi kuliko yote hayo. Niliishika kompyuta yangu jioni ile nikaiona nzito.

Kati ya waliokuja alikuwemo kijana mkamua mawese kutoka upande wa Bugarama. Mkewe alivuka ziwa na mtoto wao mchanga siku kijiji kilipovamiwa, yeye akabaki na mama yake. Alikaa nyuma ya mkeka kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa akifuta macho na kutabasamu kwa pamoja.

"Mashini yako iko inasikiliza vizuri," akaniambia. "Mama yangu hajawahi kuniacha nimalize maneno hivi."

Diski yake ikaondoka na boti. Kabla boti halijarudi, kijana aliondoka na lori la mawese kuelekea Bujumbura. Lori lilishambuliwa njiani. Walimrudisha kwao akiwa amefunikwa kwa turubai la mapipa, akazikwa siku hiyo hiyo.

Mama yake alikuja darasani baada ya wiki chache. Mwanamke mfupi, mikono myekundu kwa mawese ambayo maji hayayaondoi tena. Alitusalimu kwa Kirundi, akangoja tumjibu sote, kisha akasema ameambiwa kwamba mwanawe amo humu.

"Sauti yake tu, mama," nikasema.

"Hiyo hiyo. Nataka kuisikia kabla ya kuganduka."

Kuganduka ni siku ambayo familia inakusanyika kumaliza msiba kabisa. Baada ya siku hiyo nguo za msiba zinavuliwa, na kilio kinakoma. Kwa sababu ya vita wazee walikuwa wamesogeza siku karibu, wasije wakatawanyika tena kabla ya kuimaliza. Alituambia siku yenyewe. Ilikuwa karibu.

Sauti ilikuwa bado ndani, kwa kuwa boti halijatuletea habari kwamba diski imefika. Ilibaki mimi na fundi cherehani tuandike nusu zetu. Fundi alikwisha kusimama.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Bwana Diplome, ni mama ya mutu!"

"Alimwambia mkewe. Hakumwambia mama yake."

"Amekufa!"

"Ndiyo maana hawezi kubadilisha."

Yule mama alinigeukia. Hakupaza sauti. "Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamzika. Wewe umemweka katika sanduku lako na umelifunga. Ulisoma hayo huko Kigoma?"

Nilimtazama mwalimu, kwa mara ya kwanza nikimtaka asimame mahali pangu. Yeye alivuta kiti, akamkalisha yule mama, akakaa chini kando yake kwenye sakafu.

"Dada," akasema, "mtu mmoja tu anaweza kutoa ruhusa. Je, mkamwana wako anajua kwamba mumewe hayupo?"

"Nani angemwambia?"

"Basi yeye hajui kwamba ni mjane, na sisi tunataka kumwomba."

Jenereta ilizimwa upande wa pili, tukasikia visu vikikata sabuni. Mama akasimama, akarekebisha kitenge chake, akaniuliza anasemea wapi. Nilimwonyesha kipaza sauti, nikatoka pamoja na wengine wote. Nilisimama juani nikitazama ziwa, na sikujisifu kwa lolote. Alikaa kidogo tu mle ndani.

Diski yake iliondoka na boti la kesho yake. Kisha ziwa likafungwa. Wanajeshi walikataza mashua na maboti yote kuvuka, kwa madai kwamba wapiganaji wanapita majini upande wa Kabonga. Wavuvi walipindua mitumbwi yao ufukweni. Kila asubuhi nilikwenda kutazama, na kila asubuhi yule mama wa ndagala aliniuliza kama ninangoja meli ya serikali inirudishe ng'ambo. Mama wa marehemu hakuja kuuliza. Alituma salamu tu, kupitia kwa fundi cherehani: ndizi za pombe zimekwisha kukamuliwa. Tulijua maana yake. Pombe ya kuganduka haingoji boti.

Fundi alinibembeleza, akanikasirikia, akaacha kuniita Bwana Diplome akaniita kwa ukoo wangu, jambo lililonitia uchungu zaidi. Nilikuwa na nusu ya neno naye alikuwa na nusu. Sikumpa yangu, na bila yangu yake haikufungua kitu.

Boti lilifika siku moja kabla ya kuganduka. Nahodha alishuka na diski ndani ya mfuko wa nailoni aliouficha katika unga. Mlikuwa na sauti mbili, mwenzangu ameandika juu: moja ya mama peke yake, nyingine ndogo, yetu sisi darasa zima. Hiyo yetu tuliifungua mara moja, tumeizunguka kompyuta, mwalimu katikati.

"Amahoro," ilisema sauti ya mwanamke, na ikanyamaza.

"Amahoro," tulijibu sote, hata mwalimu, bila kuangaliana.

"Mimi ni mke wake. Ya kwangu ilifika. Mama amenieleza yaliyotokea, na amefanya vizuri kunieleza yeye mwenyewe." Kimya kirefu. Hatukujua la kujibu hapo, tukakiacha kipite. "Mpeni mama asikie. Mumpe mpaka pale anapocheka. Baada ya hapo ni yangu. Murakoze."

Fundi cherehani alijifuta pua kwa kofia yake. "Sawa. Wewe mwenye diplome, kata pale kwenye kicheko, tumpe mama."

"Nitajuaje kilipo, bila kusikiliza?"

"Sikiliza basi!"

"Ruhusa hiyo sikupewa."

Nilijua kompyuta kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye ufukwe wote ule wakati huo, na sikuona njia. Mwalimu alikuwa akisugua chaki kati ya vidole. "Nani amepewa ruhusa ya kusikia mpaka kicheko?" akauliza, kama anavyouliza darasani.

"Mama."

"Basi ni yeye atakayejua kilipo."

"Na akipitiliza?" akauliza fundi. "Ni mara ya mwisho kumsikia mtoto wake, atasimamisha vipi? Mimi nisingesimamisha."

"Hata mimi," akasema mwalimu.

Mama alikuja asubuhi ya siku yenyewe, kabla watu hawajajaa nyumbani kwake. Kwanza alisikiliza ya mkamwana wake, peke yake, nyuma ya mkeka. Kisha akaniita. Hakuniambia aliyoyasikia. "Nionyeshe," akasema.

Nilimwonyesha kitufe kile kirefu cha chini. Ukikigusa, sauti inasimama. Tulifanya mazoezi kwa sauti yangu mwenyewe, nikihesabu moja, mbili, tatu, naye akanisimamisha kila mara, na mara ya mwisho akasema, "Ni vizuri kukunyamazisha." Nilifurahi kwamba amenitania. Fundi aliandika nusu yake, nikaandika yangu, tukageuziana mgongo kama tulivyozoea. Nikamvalisha mama hedifoni juu ya kilemba, nikamwekea kidole chake juu ya kitufe, nikatoka. Safari hii sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya mkeka, na kwa kuwa sauti ilikuwa masikioni mwake tu, nilichosikia kilikuwa chake peke yake.

Kwanza hakuna kitu. Kisha, taratibu, kama anavyojibiwa mtu aliyebisha hodi:

"Amahoro, mwanangu."

Akanyamaza. Nilijua kwamba mle ndani kijana amefikia mahali pa kungoja, na kwamba mahali hapo palikuwa pa mkewe, na kwamba mama amepakuta wazi.

"Niko. Tumeamka salama."

Kimya.

"Ni kweli, nilimwambia mimi hayo."

Kimya.

"Sasa hapo unaongopa. Hukupanda wewe, nilipanda mimi. Wewe ulimwagilia siku mbili."

Nimehudhuria misa kubwa, nimesimama nje ya msikiti siku ya Idi, lakini sijawahi kuhisi kama nilivyohisi nyuma ya mkeka ule wa matete, katika harufu ya sabuni, nikimsikiliza mwanamke akizungumza na mwanawe, naye mwanawe, ilionekana wazi, akimwacha amalize kila neno. Kimya chote kile tulichotaka kukata! Fundi cherehani alikuwa ameshika mkono wangu na mimi sikujua ameushika lini.

"Eee," alisema mama. "Eee. Endelea."

Kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha kushtukizwa, cha mtu aliyecheka kwa sababu mwingine amecheka. Nikasikia kitufe.

Nilingoja asikie tena, aguse tena. Hakugusa. Alivua hedifoni mwenyewe, akatoka, akasimama mbele yetu akikunja na kukunjua kidole kile.

"Amecheka," akasema.

Hakuuliza kuna nini mbele. Aliuliza kama itafutwa, nikamjibu ndiyo, maana mkewe amekwisha kuipata. Akatikisa kichwa kukubali, akamshukuru mwalimu, akamshukuru fundi, na mimi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili myekundu. "Murakoze, Bwana Diplome." Kisha akaenda kwake, watu walikuwa wanamsubiri aanze.

Nilirudi nyuma ya mkeka. Kwenye kioo, ule mstari unaotembea sauti inapotembea ulikuwa umesimama katikati. Nusu nzima ilikuwa haijaguswa. Neno la kufungulia lilikuwa limekwisha kuandikwa, hedifoni zilikuwa bado na joto la masikio yake, na hapakuwa na mtu. Nilikaa kwenye kiti chake. Nina vyeti vitatu sasa ukutani, kimoja cha darasa lile, chenye alama ya juu kuliko za wenzangu wote, na wageni wanaponiuliza nilikipataje huwaeleza kuhusu wazo langu la sauti na kanuni nilizoandika kwa mkono wangu. Hedifoni sikuzivaa. Nilifuta. Mstari ukatoweka wote, uliosikika na usiosikika, na kutoka upande wa nyumba ya yule mama ngoma za kuganduka zikaanza.